Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: tupe usiku wa pili Horombo

Mheshimiwa Waziri,

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu kwa ratiba ya siku tano hulala kituo cha Mandara, mita 2,720. Kesho yake kituo cha Horombo, mita 3,720. Keshokutwa kituo cha Kibo, mita 4,720. Mita elfu moja kila siku. Na usiku huohuo wa Kibo anaamshwa aanze safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Ratiba hii ni maradufu ya kipimo hicho, na bado inauzwa.

Mimi na marafiki zangu tuliuziwa hiyo. Tulipoamshwa Kibo, mwenzetu mmoja, mchezaji mpira aliyetutangulia njia nzima, alikuwa amekaa kitandani akihangaika na kamba za viatu. Anazishika, zinamponyoka, anazishika tena. Tukamuuliza vipi, akajibu, "Niko fiti." Kiongozi wetu hakubishana naye. Alimwambia atembee hadi mlangoni kwa mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Akayumba kama mlevi. Hapohapo akavalishwa koti, wagumu wawili, yaani wapagazi wetu, wakamshika mikono, wakamteremsha gizani. Kabla hajafika Horombo alikuwa ameanza kupata nafuu. Namshukuru sana kiongozi yule: kuyumba vile ni dalili ya ubongo kuanza kuvimba kwa kupanda haraka mno, na hapo mtu hushushwa mara moja, hasubirishwi kukuche.

Mkipanda marafiki, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kichwa kinamuuma. Mmechanga pamoja, mmefanya mazoezi pamoja, kila mmoja anaogopa kuwaharibia wenzake safari. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa hiari ya mpandaji.

Chanzo chake ni pesa. Tozo za hifadhi na malazi huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo ukikata siku moja, bei inashuka. Na wanaotafuta nafuu hiyo zaidi ni sisi wananchi, hasa vikundi vinavyopanda kila Desemba kuadhimisha Uhuru. Mimi natamani tupande kwa wingi. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa kileleni mwaka 1912 imeshayeyuka, na iliyobaki Watanzania tuna haki ya kuiona kwa macho yetu.

Ombi langu: siku sita ziwe kima cha chini kwa njia ya Marangu, na tozo za usiku wa pili Horombo zifutwe kwa raia, ili asiwepo anayeokoa pesa kwa kuuruka. Siku hiyo ya ziada watu hupanda hadi kwenye Miamba ya Zebra, wakarudi kulala Horombo. Mwili unaonja juu, unapumzika chini.

Tunaomba jibu lako kabla vikundi vya Desemba havijaanza kulipia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpanda mlima