Tuanze na ini la mama, au na macho?

Daktari, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro na mama yangu mzazi mwenye miaka 58. Ana kisukari aina ya pili tangu 2014. Anameza metformini asubuhi na jioni, ila sukari haikai. Kipimo cha mwisho cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilisoma asilimia 9.4.

Mwezi wa tatu alikanyaga kaa la moto jikoni. Hakuhisi kitu. Alishtuliwa na harufu, kuangalia chini kandambili imeyeyuka na kugandia kwenye unyayo. Mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua moyo unanienda mbio.

Tulikopeleka kidonda, daktari kijana akaagiza vipimo vingi. Mkojo una protini, na retina za macho yote mawili zina vidoa vya damu. Ultrasaundi ikaonyesha mafuta kwenye ini. Hayo ya mafuta tulishaambiwa mara mbili zamani, kwamba ni kawaida kwa mtu mnene, tukarudi nyumbani. Huyu hakuishia hapo. Aligeuza karatasi ya majibu akapiga hesabu kwa kalamu: miaka 58 mara AST ya 52, akagawa kwa chembe sahani za damu 168 zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT, ambayo ni 36 (AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu). Ikatoka 2.99. Akasema hesabu hiyo inaitwa FIB-4. Chini ya 1.3 mtu hana wasiwasi sana, ila ikipita 2.67 huenda ini limeshajaa makovu. Alisisitiza neno huenda. Kuthibitisha kunahitaji Fibroscan, mashine inayopima ugumu wa ini, na kwa hiyo itabidi twende Dar.

Nilimuuliza ini linahusianaje na macho na miguu. Akanijibu kwamba wenye kisukari ambao ini lao lina makovu, mara nyingi hukutwa mishipa yao ya damu nayo imeumia, kwenye figo, macho, hata moyo, na kwamba wagonjwa wengi wa ini la mafuta huondoka kwa maradhi ya moyo kabla ini halijashindwa kazi. Sikulala usiku ule.

Sasa fedha. Kaka yangu ndiye anayetulipia, na amesema mwezi huu ana uwezo wa safari moja na huduma moja tu. Macho yanatakiwa kutibiwa kwa miale ya leza. Yeye anataka tuanze na hayo, kwa sababu upofu unaonekana na ini haliumi. Mimi naliogopa hilo lisilouma.

Jingine linaniumiza zaidi. Shangazi anasema ini ni ugonjwa wa walevi, na mama, ambaye hajaonja pombe maisha yake yote, ameanza kukataa kuandamana nami kliniki kwa aibu. Badala yake anakunywa dawa ya miti shamba ya kusafisha ini, kikombe kila asubuhi, aliyoletewa na huyo huyo shangazi. Chupa haina hata karatasi ya kueleza kilichomo.

Naomba unisaidie, daktari: tuanze na macho au Fibroscan? Hiyo dawa ya chupa niimwage leo, hata akinikasirikia? Na nimwambie nini mama ili akubali kupanda basi?

Mtoto wa pili, Morogoro