Masimulizi ya Wakomanche yapimwe, yasitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wako aliyedai kuwa yanayosimuliwa na familia za Wakomanche, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ni ngano tu, na kwamba historia yao halisi imo katika ripoti za jeshi. Angeanzia Mto Pease, Texas, asingeandika hivyo.

Desemba 1860 kikosi cha Sul Ross, nahodha wa askari wa Texas, kilivamia kambi ya Wakomanche pale mtoni na kumchukua Cynthia Ann Parker. Huyu alikuwa Mzungu aliyetekwa mwaka 1836 akiwa na umri wa miaka tisa hivi, akakulia kwao, akaolewa na kiongozi Peta Nocona na kumzalia watoto watatu. Watexas wakasema ameokolewa. Mwenyewe alijaribu kutoroka arudi. Ross naye akajisifu kuwa amemuua Nocona. Sifa za siku ile zilimbeba hadi kiti cha ugavana mwaka 1887, na vitabu vikazinakili.

Quanah, mtoto wa Nocona, alikuwa na habari nyingine kutoka kwa wazee wa kwao: baba yake hakufia pale, alifariki baadaye. Aliyasema hayo hadharani Dallas mwaka 1910, miezi michache kabla ya kifo chake. Wanahistoria walipokuja kulinganisha taarifa za Ross mwenyewe, walikuta zinabadilika mwaka hadi mwaka, na ushindi unazidi kunenepa. Kumbe ile "vita kubwa" ilikuwa shambulio dhidi ya kambi ndogo yenye wanawake wengi. Hapo nani alikuwa anasimulia ngano?

Mtu atauliza mbona familia ilikawia kupinga. Kwa Wakomanche, kutaja jina la marehemu kulikuwa mwiko. Asiyelijua hilo ataona kimya chao akadhani wamekubali.

Hata pale ripoti isiposema uongo, huishia njiani. Kuhusu shambulio la korongo la Palo Duro, Texas, Septemba 1874, ripoti zinatuambia kuwa Kanali Mackenzie wa jeshi la Marekani aliamuru farasi wa Wahindi zaidi ya 1,000 wapigwe risasi, na mahema na akiba ya chakula vichomwe. Waliouawa ni wachache, kwa hiyo afisa akafunga daftari. Lakini mama mwenye watoto, bila farasi, majira ya baridi yakiwa mlangoni, alifikaje Fort Sill, ngome ya jeshi, kujisalimisha? Hilo tuulize wajukuu zake.

Sisemi kila anachosema babu kiaminiwe. Wajomba hutia chumvi kila mahali. Kipimo ni kilekile cha hati: msimulizi alikuwapo au aliambiwa, aliambiwa na nani, na familia nyingine zinasemaje.

Kazi ya namna hiyo ilishaanza. Mwaka 1933 wanaanthropolojia walikwenda Oklahoma wakaandika maelezo ya wazee wa Kikomanche, baadhi yao waliozaliwa kabla Wakomanche hawajafungiwa kwenye ardhi waliyotengewa na serikali. Madaftari yale yalichapishwa mwaka 2008. Mwandishi wako akitaka kuendelea na mada hii, ayasome kwanza.

Msomaji wako,
Tanga