Jumapili: balansi ya mipira ya gari kabla ya safari ya ufukwe wa Vumawimbi, Pemba

Assalaam alaykum wanakikundi,

Safari iko palepale, ila kwanza tukutane Jumapili hii saa 2:00 asubuhi, Gombani, nje ya uwanja, tufanye balansi, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu yasitetemeke. Mchango ni shilingi 20,000 kwa gari, mipira minne pamoja na risasi (vile vipande vya uzito vinavyowekwa kwenye ringi). Spea ongeza 5,000.

1. Jumamosi osheni ringi, hasa upande wa ndani. Hili msilipuuze. Udongo ukigandia pale, fundi atapiga risasi za kuusawazisha udongo wenyewe. Siku ukibanduka, ukifika kasi ya 80 usukani unatetemeka upya, na fundi analaumiwa bure.

2. Ringi za alumini zitawekwa risasi za kubandika, kwa ndani, baada ya kufutwa kwa spiriti. Za kugonga ukingoni hung'olewa na mawe ya matumbawe.

3. Upepo hupimwa mpira ukiwa baridi. Mchangani tutashusha hadi psi 18. Chini ya 15 hapana: ukikata kona ghafla mpira unachomoka kwenye ringi. Kutoka mchangani tunajaza tena kabla ya kushika lami, kwa hiyo mwenye pampu ya kuchomeka kwenye betri aje nayo. Iliyopo ni moja tu.

Nati zitakazwa kwa msalaba, yaani moja kisha ya upande wa pili, na kila mtu arudie kuzikaza baada ya kilomita 50.

Tafadhali jibuni hapa "NAKUJA" na idadi ya mipira kabla ya Isha ya Ijumaa, fundi apate kununua risasi za kutosha. Asiyeweza naye aseme.