Risala ya Kikundi cha Wenye Mashamba ya Miti kwa Mgeni Rasmi, Wilaya ya Wete, Pemba

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Wete,
Maofisa wa misitu na kilimo, masheha, wazee wetu, walimu na wanafunzi,
Assalaam alaykum.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja huku kwetu, na njia umeiona mwenyewe ilivyo.

Sisi ni wakulima wa kawaida, kila mmoja na kipande chake. Wengine tumerithi, wengine tumo katika zile eka tatu walizopewa wazee wetu baada ya Mapinduzi ya 1964. Tumepanda mikesha, ile miti ya jamii ya akasia, na mivinje, na wachache wana mikarafuu pembeni. Haja ndiyo iliyotutia katika kazi hii. Kila aliyetaka kuezeka alikuwa anakimbilia mikandaani, kwenye mikoko ya pwani, kutafuta boriti, na kina mama walikuwa wanatoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua limeshakuwa kali. Leo boriti, fito na kuni nyingi tunazitoa mashambani kwetu.

Mheshimiwa, kupanda hakujatushinda. Siku ya kupanda miche, masika yakianza, hukosi mtu: watoto wapo, picha zinapigwa. Kilichotushinda ni miaka inayofuata. Hapo tukubali kosa ni letu.

Mzee wetu mmoja alipanda mita mbili kwa mbili, miche kama 1,000 katika eka moja. Ilipofika mwaka wa tano, vichwa vya miti vilikuwa vimeshikana. Ukisimama chini huoni mbingu. Miti ilikwenda juu kugombania jua, mashina yakabaki membamba. Tukamwambia apunguze. Akasema, "Nikate mti mzima, nimekosa akili?" Ilikuwa ugomvi. Mwishowe tukaafikiana apunguze nusu ya shamba, nusu aiache atakavyo. Leo mti wa upande uliopunguzwa ukiushika kwa viganja viwili, vidole havikutani. Upande wa pili vidole vinapandana, na kiangazi kilichopita mchwa walipanda na udongo wao kwenye ile miti dhaifu hadi kiunoni. Mzee yupo hapa anacheka, hatumtaji jina.

Lakini tusije tukaeleweka vibaya. Mwenzetu mwengine alisikia habari hiyo akapunguza kwa pupa, msimu mmoja, akafungua mpaka ukingo wa upande wa upepo. Kusi ilipovuma, miti iliyokuwa imezoea kuegemeana ilikatika kama miwa. Kisiwani upepo si wa kuchezea: tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ndiyo maana karafuu nyingi zinatoka huku kwetu Pemba. Kwa hiyo sasa tunapunguza mara mbili au tatu, kwa miaka tofauti. Tunaanza na iliyopinda, yenye panda na yenye maradhi, na ukingo wa upepo tunauacha mnene.

Katika kupogoa tulichelewa kujifunza. Tulikuwa tunapiga panga tu. Mkesha una tabia ya kuoza moyo: kidonda kikiwa kikubwa, uoza unaingia polepole hadi katikati, na huku nje mti umenawiri, majani yanameta. Mwaka jana tuliangusha mmoja tuliokuwa tumeukusudia mbao za mlango. Tulipoupasua, katikati pamekuwa rangi ya kahawa, laini, unachimba kwa ukucha. Mlango ukawa kuni.

Sasa tunakata tawi likiwa bado jembamba kama kidole gumba, wakati wa kiangazi, kwa msumeno. Tawi likishakuwa zito, tunalichanja kwanza kwa chini kidogo ndipo tukate kwa juu, lisije likaanguka na gome la shina. Hatuachi kigutu, wala hatuingii kwenye ule uvimbe ulio shinani mwa tawi, maana gome linalofunika kidonda linaanzia hapo. Wenye mikarafuu nao tumewaomba wawahimize wachumaji wasivunje matawi kwa kuyavuta, kwa kuwa ukungu unaokausha matawi unapita kwenye majeraha hayo hayo.

Wapo wanaotia jivu shinani kuzuia mchwa. Wengine wanaapa linasaidia, wengine hawajaona tofauti. Katika hilo bado tunabishana.

Matatizo mengine unayajua: mbuzi wanaofunguliwa wakala miche, na moto unaotoka kwenye konde za jirani. Moto tumeupunguza kwa kufagia njia pana mipakani kabla ya kiangazi, maana majani ya mvinje yakikauka yanashika upesi.

Linalotuuma zaidi ni kibali. Tunakubali sheria ya misitu ya mwaka 1996, na tunajua kibali kinazuia wezi wa miti. Ila tulipoomba ruhusa ya kupunguza miti tuliyoipanda wenyewe, tulizungushwa njoo kesho hadi kiangazi kikaisha na mvua zikaanza. Wanachama wawili walikata tamaa, miti yao hadi leo imebanana.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni kuwa maombi ya kupunguza miti ya kupandwa yasikilizwe mapema, kabla ya kiangazi, na ofisa afike shambani aone mwenyewe. La pili ni misumeno ya kupogolea. Tuliyonayo ni miwili, na mmoja umeazimwa. Tena tunaomba wanafunzi waruhusiwe kuja kujifunza hapa, wasiishie kupanda tu.

Mheshimiwa, desturi ni mgeni rasmi kupanda mti. Sisi leo hatukuandaa mche. Nyuma ya banda hili kuna mkesha tuliofungia kitambaa chekundu, umepinda na unawabana wenzake watatu. Kibali chake tunacho, sheha ameshakiona. Msumeno huu hapa. Tunakuomba ukimaliza kutusikiliza, uende ukaukate wewe.

Ahsante. Tunaomba kuwasilisha.