Mtihani wa mdomo unasomwa kwa mdomo

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na vijana wetu wanaosomea udaktari wa usingizi, yaani wa kumlaza mgonjwa anapopasuliwa, hapa Marekani, maana naona wengi wanaenda kwenye mtihani wa mdomo wa bodi inayothibitisha ubingwa wakiwa wamejiandaa kama nilivyojiandaa mimi mara ya kwanza, na mimi mara ya kwanza nilifeli.

Ile mitihani ya kompyuta, BASIC na ADVANCED, nilipita bila shida. Kwahiyo nikafanya nilichozoea, vitabu, kalamu ya rangi, usiku kucha kimya kimya. Alafu unafika Raleigh, North Carolina, unapewa karatasi yenye habari za mgonjwa, unaingia chumbani unakuta watahini wawili, dakika 35, ukitoka hapo kuna chumba kingine na wawili wengine, dakika 35 tena. Na tangu 2018 kuna na vituo 7 vya vitendo, humo wanakuangalia mfano unavyomweleza ndugu wa mgonjwa kwamba mambo yameharibika theta, chumba cha upasuaji. Hakuna a, b, c, d ya kuchagua. Wanataka useme utafanya nini na kwanini, alafu katikati wanakubadilishia mgonjwa, presha imeshuka, haya sasa.

Mimi kilichonimaliza ni adabu, nasema kweli kabisa. Sisi tumelelewa mtu mzima akikukatisha maneno ujue umekosea, unanyamaza. Sasa pale mtahini anakukatisha kila dakika, mimi kila nikikatishwa najua nimeharibu, naanza kubadilisha jibu ambalo lilikuwa sahihi! Kumbe wanakukatisha kwasababu wameshasikia walichotaka, wanahamia swali lingine. Hiyo hakuna kitabu kilichoniambia. Na ile tabia yetu ya kuzunguka, "labda ingefaa kuangalia uwezekano wa...", pale inaonekana hujui unaenda wapi na mgonjwa.

Mara ya pili nilimwomba mke wangu anisaidie, na yeye sio daktari, ni mhasibu. Kila jioni baada ya kula tunabaki mezani jikoni, namwandikia maswali kwenye kadi, yeye anasoma na simu inahesabu dakika. Siku moja kadi ilikuwa ya mtoto wa miaka 4 ametolewa mafindofindo, ametolewa mpira wa kupumulia, koo limejifunga ghafla hewa haipiti. Nikaanza kumweleza visababishi. Akanikata, "Oksijeni ya damu asilimia 80." Nikaendelea. "Oksijeni 65. Baba, mtoto anakata roho wewe unanipa hadithi!" Nilishtuka kama niko theta kweli. Ndio nikasema inavyotakiwa: naita msaada, naweka maski nimeibana vizuri na oksijeni 100%, nainua taya, nasukuma hewa kwa mfuko, koo lisipofunguka naongeza propofoli, dawa ya usingizi, bado likikataa nampa suksametoniamu ya kulegeza misuli, na kama mapigo ya moyo yanashuka atropini ya kuyapandisha iko mkononi. Sekunde 20 hivi. Visababishi watauliza wenyewe baadae wakitaka.

Tulifanya hivyo karibu miezi minne, mama wa watu mpaka akajua dozi ya dantrolini, dawa ya mwili unaopanda joto kwa hatari kwasababu ya dawa za usingizi, 2.5 mg kwa kila kilo ya mgonjwa. Nikapita.

Kwahiyo vijana, msijifungie na vitabu peke yenu, jibuni kwa sauti, mbele ya mtu, mkiwa mmechoka, na jirekodini mjisikilize hata kama inauma. Na nyie madaktari wenzangu wa Kiswahili mliokwisha kupita, huku na huko nyumbani pia ambako mitihani ya ubingwa ina sehemu ya mdomo, mdogo wako akikupigia mpe nusu saa kwa wiki, video ya simu inatosha. Ila usimwonee huruma, mkatishe katikati ya sentensi, mbadilishie mgonjwa, na akijibu vizuri usitabasamu, maana kule hakuna atakayemtabasamia.

Daktari wa usingizi,
Marekani