Kabla hujaipanda miiba hiyo Sengerema

Nyegezi, Mwanza

Ndugu yangu Masanja,

Salaam kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, ila jua la Agosti linatukausha.

Barua yako nimeipata. Unasema zile beri nyeusi ulizokula kwangu unataka kuzizungushia kiwanja chako chote ziwe ua. Miche nitakupa bure. Ua usifanye.

Mmea huu unatembea, Masanja. Ufito ukirefuka huinama, na ncha yake ikigusa udongo wenye unyevu inatoa mizizi, tayari umepata mmea mwingine ambao hukuupanda. Ndege nao wakishiba matunda wanakupelekea mbegu hadi kwa jirani. Na miiba yake imepindia nyuma: ukivuta mkono ndiyo kwanza inazidi kushika. Ua wa hivyo ukiuacha bila kuupogolea, baada ya muda hutajua mpaka wako uliishia wapi.

Wangu ni Rubus pinnatus, mmea wa Afrika hii hii, ukoo mmoja na waridi. Majani yake yanakaa jozi jozi na moja la mwisho kwenye ncha. Mtu akikuletea wenye fito nyeupe kama zimepakwa chokaa, mkatalie. Huo huenda ukawa Rubus niveus, wa kutoka Asia, ambao umevamia visiwa vya Galápagos na wenyewe wanahangaika kuung'oa. Wala usihangaike na aina za Ulaya; nyingi zinataka baridi ya muda mrefu ndipo zichanue vizuri, na baridi hiyo utaitoa wapi hapa ziwani?

Sasa, Bukoba wanapata mvua karibu mara mbili ya Mwanza, ndiyo maana kule beri inajiotea tu na huku inakuwa kazi. Kuanzia Juni hadi vuli ianze lazima umwagilie, na uweke matandazo mazito, maana mizizi yake haiendi chini sana. Mimi natumia pumba za mpunga. Kule kwako usipande bondeni kwenye mbuga, ule udongo mweusi mzito, maji yakituama mizizi inaoza. Panda juu kidogo, kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, lakini uichanganye na samadi iliyooza vizuri, maana mchanga ule hauna chakula. Kaa mbali na yale mawe makubwa upande wa magharibi wa kiwanja. Mchana kutwa yanahifadhi joto na jioni yanalirudisha kwenye mmea.

Anza na mstari mmoja, mche hadi mche mita mbili, mvua za vuli zikishakolea. Simika nguzo, vuta waya mbili, moja usawa wa kiuno na nyingine usawa wa kichwa, ufunge fito humo zisishuke chini. Hapa ndipo watu wengi hukosea: ufito mwaka wa kwanza unaota majani, wa pili ndio unaozaa, kisha unakufa. Kwa hiyo ukipogolea fito zote kwa pamoja, umejinyima matunda ya msimu unaokuja. Kata uliokwisha kuzaa, hadi chini kabisa, uchome. Fito changa ziache, uzifunge kwenye waya. Mimi zile zinazozaa nazifunga upande mmoja na changa upande wa pili, nikija na mkasi sijiulizi.

Kuchuma, subiri tunda liwe jeusi kabisa na liachie lenyewe ukiligusa. Likichumwa jekundu haliivi nyumbani, linabaki chachu, na watoto wako watasema nilikudanganya.

Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, huna tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Njoo Oktoba mwishoni, uje na viroba vya kubebea miche na glavu nene za ngozi. Zile za kitambaa ziache.

Wako,
Rweyemamu