Kile kimashine cha binamu yako

Nekesa wangu,

Salamu kutoka Kitale, na usianze na matusi, najua ni mimi nimenyamaza tangu mazishi ya Kuka. Watoto wako aje? Sisi wazima, ni mvua tu imekataa kwenda kwao.

Ni mahindi yananisumbua. Si unamjua Wafula, akisikia trekta ya kupukuchua iko kwa jirani hatulii, akaiita, tukapukuchua yote siku moja, na kesho yake mvua ikarudi, hii ya Novemba inayonyesha kila mchana kama imeajiriwa. Sasa magunia yako sebuleni na makochi yako veranda. Juzi nikaingiza mkono kwa gunia la chini, weh, ndani ni moto! Punje zimeshikana, zinanuka busaa. Tulimwaga yote sakafuni usiku huo huo, unene wa vidole viwili hivi, watoto wakageuza na reki hadi wakasinzia wamesimama.

Zenye ukungu nimetenga. Mama akasema zioshwe tupatie kuku, nikamwambia aflatoksini, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kuosha wala kupika, na Ukambani 2004 ilimaliza watu zaidi ya 100. Akaniangalia tu. Leo nimepata debe moja nyuma ya banda la kuku, huyu mama ataniua.

Mabroka nao wanapita kila asubuhi, wanatafuna punje moja wanatema, "mama, haya ni maji," halafu wanataja bei ya kukutukana. Bodi ya nafaka inataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Nimejaribu ile ya kutia punje na chumvi kavu kwa chupa, unatikisa, unangoja robo saa, chumvi ikishika kwa chupa ujue bado. Mwanzo ilishika yote. Ya mahindi ya sakafuni sasa imeacha kushika, lakini hiyo inakuambia tu umeshuka kama 15, hiyo moja na nusu iliyobaki utaijulia wapi? Na ukikausha uzito unaenda, gunia la kilo 90 likitoka unyevu wa 20 kufika 13.5 linabaki kama 83, Wafula anasema ni panya, nimechoka kumweleza.

Drayer iko, lakini foleni yake! Magunia ya watu yanalala nje na yananyeshewa yakingoja kukaushwa, sasa hiyo ni nini.

Ndio nikamkumbuka binamu yako wa Moi's Bridge. Bado ako na kile kimashine cha kupima unyevu? Anaweza kunikopesha hata wiki moja, ama atataka kitu kidogo? Na turubai nzito huko Eldoret ni pesa ngapi, zile hazitoboki? Wewe ungekuwa mimi ungeuzia broka nusu ulipe karo ya Januari, ama ungeng'ang'ana na yote? Na yule mtu wako alirudi ama bado tunajifanya hatumjui? Nipigie kwa simu ya Wafula, yangu iko ndani ya ndoo ya mchele.

Wako,
Mama Brayo